Dakika za Kukunja Ngumi

Tarehe 9 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama na mzigo wote umefika, hata lile begi ulilosema litaachwa stendi. Ningeanza kwa salamu ndefu kama ulivyonifundisha, lakini kuna jambo limenikaa rohoni safari nzima. Asubuhi ile ya kuagana uliinua kikombe cha chai kwa viganja viwili. Nilipokutazama ukasema unajipasha mikono. Shangazi, chai ile ilikuwa imeshapoa.

Najua daktari alikwambia tangu Novemba kwamba ni baridi yabisi, ile inayokuja pamoja na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, na kwamba magamba ya viwiko vyako na uvimbe wa vidole ni watoto wa mama mmoja. Najua unameza kidonge chako kila Jumapili. Ila vidole vile ndivyo vilivyonilea tangu nina miaka sita, na ndivyo vinavyofungua saa zisizozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Nikiviona vimevimba vile naumia mimi. Siku ukishindwa kutengeneza saa utafanya nini? Utashinda ukigombana na Jirani wa Miwani, na yule mzee hana hata duka la pili la kukimbilia.

Basi nimekunakilia karatasi tunayowapa wagonjwa hapa idarani. Mimi ni karani tu, kazi yangu kupanga zamu na kuchapa, lakini miaka minne pembeni ya wataalamu wa mazoezi ya viungo, hata kiti kingejua kitu. Ni mambo ya asili, ya nyumbani. Asubuhi loweka mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ukunje na kukunjua vidole humo humo, polepole. Kiungo kikiwa chekundu na cha moto, hapo weka kitambaa cha baridi. Tembea kila siku. Punguza sukari, na uzito kidogo (usinune). Kula samaki wenye mafuta. Ngozi ipake mafuta ukitoka kuoga kabla haijakauka, na ikiwasha sana ogea maji yaliyochanganywa na shayiri iliyosagwa. Na ulale, Shangazi. Usingizi nao ni dawa.

Simu najua huitaki, unasema simu humkimbiza mtu na barua humsubiri. Haya, nasubiri.

Wako,
Mama Maswali


Tarehe 18 Februari

Mama Maswali,

Marahaba. Barua imefika pamoja na sheria zako. Nimesoma nikasema, huyu mtoto nilimfundisha kusoma saa, leo ananifundisha kuoga.

Kuhusu uzito, nimenuna.

Sasa nisikilize. Umeniandikia mambo saba kwa mkupuo, na hivyo sivyo kazi inavyofanywa. Saa ikisimama, fundi mwenye akili hugusa kitu kimoja, akaiacha siku nzima, akaandika alichokiona, ndipo akagusa kingine. Ukigusa viwili na saa ikaanza kutembea, umebahatisha tu, hujui kipi kimeiponya. Kwa hiyo sheria zako nitazifuata moja moja, na zote nitaziandika kwenye daftari.

Kipimo nimeshakipata. Nikiamka natazama saa ya ukutani, halafu nahesabu mpaka niweze kukunja ngumi kamili ya mkono wa kulia. Kabla ya beseni zilikuwa dakika themanini na tano. Baada ya siku saba za beseni, sabini. Nami nilidhani beseni ni la kuogeshea watoto! Namshukuru Mungu kwa maji, na wewe nakushukuru kidogo, usije ukavimba kichwa.

Jirani wa Miwani alikuja kuazima sukari. Nikamwambia mwanangu ameipiga marufuku. Akasema hilo ni tatizo la ukoo wetu, lisivuke ukuta wake.

Kidole cha kati bado kama ndizi. Kibano kinanitoka mkononi mara mbili tatu kwa siku. Juzi skrubu ya saa ya mwalimu mmoja iliruka, nikaitafuta kwa magoti, na ukiyajua magoti yangu utajua ile ilikuwa safari. Niliipata. Nikakaa pale pale sakafuni nikalia kidogo, halafu nikainuka nikaifunga. Nakwambia haya kwa sababu umeniuliza nitafanya nini nikishindwa kazi. Sijui. Miaka thelathini na nane sijawahi kuwa mtu mwingine.

Shangazi yako,
Fundi


Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisi, ile ya skrubu nikaisoma mara mbili. Sikulia. Basi nililia, lakini mvua ilikuwa inanyesha, hakuna aliyejua.

Nimemwonyesha mtaalamu wetu mmoja, mama mnene mwenye mikono ya chuma, hizo dakika zako. Amesema angekuwa na wagonjwa kumi wanaopima hivyo angestaafu na furaha. Ameniambia nikwambie haya: vibano na bisibisi zako zifunge kitambaa kinene kwenye mshikio, maana kushika kitu chembamba kunachosha viungo kuliko kushika kinene. Na kila nusu saa uweke kazi chini, unyooshe mikono. Nimemwambia Shangazi hawezi kuweka kazi chini, labda uibe meza. Amesema basi iba meza.

Tangawizi na manjano tia kwenye chakula kama kawaida, hakuna ubaya, ila usije ukaanza kumeza manjano kwa vijiko kama alivyokushauri yule mteja wako niliyemsikia dukani. Jambo lolote jipya unalomeza, daktari ajue kwanza.

Nina swali moja, na usiniite jina langu. Kwako ilianzia wapi, vidoleni au kisiginoni? Kuna mgonjwa hapa, msichana wa makamo yangu. Anasema akishuka kitandani asubuhi kisigino kinamchoma kama amekanyaga kokoto, kisha ikifika saa nne kimenyamaza. Yeye anasema ni viatu. Nilitaka kujua tu.

Wako,
Mama Maswali


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Ishirini!

Nimeiandika kwa tarakimu kubwa daftarini, nikapigia mistari miwili. Dakika ishirini, na ngumi inakunjika hata ningetaka kumpiga mtu. Vitambaa kwenye bisibisi vimefanya meza yangu ifanane na wodi ya majeruhi, lakini kibano hakijanitoka mkononi siku tisa. Juzi nimefungua saa ya kike ndogo kabisa, nikaisafisha, nikaifunga, ikatembea. Mwenye nayo alikuwa amesimama mbele yangu, hakujua kwa nini nilimshika mkono kwa nguvu namna ile.

Jioni natembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Watu niliokuwa nawaona kupitia dirisha miaka yote sasa nasalimiana nao. Viwiko navyo vimetulia tangu nianze kuvipaka mafuta vikiwa na unyevu. Nalala saa sita nzima. Sikujua kama mtu anaweza kuamka na akawa hajachoka, nilidhani hizo ni hadithi za watoto.

Ahsante, mwanangu. Safari ile nilikushukuru kidogo. Leo ni yote.

Nami nimefanya la kufanya ili nijue kwa hakika nani wa kushukuriwa, maana fundi hashukuru kwa kubahatisha. Tangu mwanzoni mwa Machi kuna kimoja nimekiondoa mezani, na saa bado inatembea. Nitakueleza nikimaliza kupima.

Kuhusu huyo msichana: kwangu kisigino ndicho kilichotangulia. Miezi minane nililaumu viatu, nikanunua jozi tatu. Mwambie aache viatu vya watu, aende kwa daktari.

Shangazi yako,
Fundi


Tarehe 16 Aprili

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Ishirini! Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya idara nzima. Mama wa mikono ya chuma amepiga makofi. Akaniuliza, “Na kidonge chake cha wiki anaendelea nacho?” Nikamjibu bila shaka, Shangazi yangu si mtu wa kuacha kitu katikati.

Unajua, sijawahi kukushukuru sawasawa. Siku niliyoletwa kwako, baada ya mazishi ya mama, sikutaka kula wala kusema. Ulinikalisha kwenye meza yako ya kazi, ukanipa saa ya mezani iliyokufa na bisibisi, ukasema, “Fungua kila kitu. Ukimaliza tutakula.” Hukunibembeleza. Watu walikuona huna huruma. Mimi nilifungua vipande arobaini na moja, na nilipomaliza nilikuwa na njaa. Leo nina miaka ishirini na tisa, na kila nikizidiwa bado natafuta kitu cha kufungua. Kwa hiyo hizo dakika ulizopata, hesabu nimelipa sehemu ndogo ya deni langu, na bado ninadaiwa.

Msichana wa kisigino nimempa ujumbe wako. Amecheka, akasema ana kazi nyingi.

Niambie umeondoa kitu gani mezani! Chumvi? Kiti kibovu? Jirani wa Miwani?

Wako anayefurahi kupita kiasi,
Mama Maswali


Tarehe 14 Mei

Mama Maswali,

Barua yako imefika. Mimi mzima. Hali ya hewa nzuri, joto limepungua. Kazi ipo. Jirani anakusalimu.

Usiwe na wasiwasi.

Shangazi


Tarehe 20 Mei

Shangazi,

Dakika ngapi?

Hujawahi hata siku moja kuniandikia habari za hali ya hewa. Na mwandiko huu herufi zake zinaegemeana kama walevi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Naomba namba.

Mama Maswali


Tarehe 27 Mei

Kwa binti wa jirani yangu,

Salamu nyingi. Hunijui kwa barua, ila unanijua kwa ugomvi. Mimi ndiye muuza miwani wa mlango wa pili. Shangazi yako ameniapisha nisikwambie neno lolote, nami nimeapa. Kwa hiyo sikwambii. Naandika tu.

Duka lake limefungwa siku ya nane leo. Kwanza alikuja kuniomba nimfungulie chupa ya mafuta ya kujipaka. Nikamtania. Kesho yake akaja kuniomba nimzungushie ufunguo wa mlango wake mwenyewe, na hapo sikutania. Mkono wa kulia umevimba hadi kwenye kifundo, na kidole cha kati ni chekundu, ukikigusa kinachoma kama chuma kilichokaa juani. Ile barua yako ya maneno machache imelala mezani pake, hajaijibu. Hawezi kushika kalamu.

Nilipoingia kumtafutia kitambaa nikaona kwenye droo pakiti za vidonge, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Tangu Machi hazijaguswa. Nikamuuliza, mama, hivi ni nini? Akasema, “Ni majaribio.” Nikamwambia mimi nauza miwani, sina elimu, lakini jaribio hili hata bila miwani ninaliona limefeli. Akanifukuza.

Nimemwambia twende hospitali, hataki. Nadhani anaogopa kuulizwa. Njoo, binti yangu. Tumegombana miaka kumi na mitano kuhusu kibao chake kinachoziba changu, na sasa kule kwake kimya, sina raha kabisa.

Wako katika ujirani,
Muuza miwani


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wangu, usidhani kuku ameingia kwenye wino. Nimeandika kwa siku nne, mistari michache kila siku.

Ulipokuja mwezi wa Juni sikusema kitu. Uliingia bila hodi, ukauona mkono, ukakaa chini kwenye sakafu na begi lako bado begani. Kesho yake ukanipeleka kwa daktari, ukanifokea mbele yake. Siku tatu ulinipikia, ukanifulia, ukanihesabia vidonge, na ukaondoka sijakwambia kwa nini. Nisikilize sasa, maana kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema.

Ngumi ilipoanza kukunjika mapema nilijiuliza, nani ananiponya? Ni kidonge, au ni beseni la mwanangu? Vitu viwili vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Nikasema lazima kimoja kiondoke. Ningeweza kuondoa beseni, na hiyo ndiyo ingekuwa akili, kwa kuwa kidonge kilitangulia na daktari ndiye aliyekitoa. Lakini sikutaka, mwanangu. Nilitaka iwe ni wewe. Nilitaka nikuandikie siku moja kwamba wewe ndiwe uliyeniponya, na daftari ni shahidi. Ndiyo maana nikaondoa kidonge.

Saa ikatembea wiki nyingi, nikajisifu. Sasa daktari amenieleza kwamba dawa ile nguvu yake haiishi siku unapoiacha, huisha taratibu. Ile ishirini niliyokupigia kelele ilikuwa ya kidonge na beseni pamoja. Hata saa ukiacha kuitia ufunguo leo, haisimami leo. Miaka thelathini na nane ninawatia watu saa zao ufunguo, na jambo hilo moja sikulikumbuka kwa ajili ya mwili wangu.

Mkono ulipoanza kuvimba, nilinyamaza. Sikuona aibu ya ugonjwa, niliona aibu ya ujinga. Na nilifikiri ukijua, utajilaumu.

Uvimbe sasa unashuka. Kidonge nakimeza mbele ya Jirani kila Jumapili, amejipa cheo cha askari. Beseni linaendelea, matembezi yanaendelea. Ila kidole cha kati kiungo chake kimeliwa na ugonjwa, na daktari amesema hakitanyooka tena. Nimejaribu kibano kwa mkono huo. Saa za mkononi basi. Zaidi ya hapo sitasema.

Sasa zamu yako. Miaka yote nimetazama vitu vidogo kwa kioo cha jicho, usidhani jicho langu nalo lina baridi yabisi. Wewe hujapaka rangi ya kucha tangu uzaliwe. Umekuja umepaka kucha kumi. Ulipokuwa unaosha sufuria rangi ikabanduka kwenye kidole gumba, na chini yake nikaona vitundu vidogo vidogo, kama mtu amechoma ukucha kwa sindano. Nami ninavyo hivyo hivyo. Na asubuhi zote tatu ulishuka ngazi umeshika ukuta, ikifika saa nne unatembea vizuri.

Huyo msichana wa kisigino hana kazi nyingi kiasi hicho. Mpeleke kwa daktari Jumatatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeshaumbuka kwa niaba yetu sote wawili.

Usiniandikie kabla hujaenda.

Shangazi yako


Tarehe 6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda.

Msichana wa makamo yangu ana jina langu, miguu yangu na kucha zangu. Ulijua, na hukusema hadi nilipoondoka, ili nisikudanganye usoni. Nimekujua kwa hilo.

Kisigino kilianza mwaka jana mwezi wa Oktoba. Kila siku nachapa dalili hizo kwenye karatasi za watu wengine, najua ni nini, na kila siku nikasema ni viatu. Wanasema mganga hajigangi, na kumbe hata karani wa mganga hajigangi. Mlango wa daktari wa viungo uko hatua ishirini na mbili kutoka mezani kwangu. Nimezihesabu Jumatatu ile, maana zilikuwa nzito. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utasema nimeupata kwako. Nilijua ungekaa na jambo hilo gizani peke yako, ukijihukumu. Mimi nikaona bora kisigino kiendelee kuniuma.

Na lipo la pili, nalo ni baya zaidi. Ile karatasi niliyokunakilia Februari ina mstari wa mwisho ambao sikuuandika. Unasema: haya yote yafanywe pamoja na dawa za daktari, wala si badala yake. Nafasi ilikuwa imeisha chini ya ukurasa. Nikajiambia Shangazi ana akili timamu, hahitaji kuambiwa hilo. Nilipokufokea mbele ya daktari nilikuwa ninajifokea mwenyewe. Mstari mmoja, Shangazi. Ningegeuza karatasi tu. Nisamehe.

Daktari amenipima damu, amenipiga picha za mikono na miguu. Ni huo huo. Lakini mifupa yote mizima. Hakuna kilicholiwa hata kimoja. Amesema wengi humjia kidole kikishapinda, na akaniuliza nimewezaje kuwahi hivi. Nikamwambia kuna kidole kimoja kilinitangulia.

Nimeanza dawa. Na asubuhi naweka miguu kwenye beseni, naikunja na kuikunjua, kama ulivyofanya wewe. Vyote viwili. Ninakushukuru kwa kioo chako cha jicho, na kwa kunikataza kukuandikia. Bila hivyo ningeandika kurasa nane za sababu na nisingekwenda.

Mwanao,
Mama Maswali


Tarehe 25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Umesamehewa kabla hujaandika. Hata huo mstari ungekuwepo, mimi ningeusoma na kusema unawahusu wasio mafundi. Mtu ameshaamua, utamzuia kwa wino?

Na usiseme tena habari ya kuupata kwangu. Babu yako alikuwa akishuka kitandani kama anayekanyaga mayai, na vidole vyake vilikuwa hivi hivi. Sisi tukasema ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Hakuna aliyemwambia lolote, wala beseni hakupewa. Mimi nilipewa beseni, wewe umepewa beseni na daktari mapema. Ukoo wetu unapata nafuu, japo mwendo wake ni wa kobe.

Duka nimefungua. Saa za mkononi nimempelekea kijana wa upande wa pili wa soko, ana mikono mizuri na mdomo mrefu. Nimebaki na saa za ukutani na za mezani, zile zenye skrubu ambazo hata Jirani anaweza kuziona. Siku ya kwanza nilijisikia kama nimeshushwa cheo. Lakini jana waliniletea moja kubwa, ya ukumbini, imesimama miaka sita. Nimeifungua taratibu kwa vidole tisa na huyu wa kumi akisindikiza tu. Jioni ikatembea. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walisogea kuisikiliza. Nilifurahi, sitakuficha. Nilifurahi kama msichana.

Sasa nikwambie jambo kisha nifunge. Kidole hiki kilichopinda nimekichukia tangu Juni. Nilikuwa nakificha chini ya meza wateja wakiingia. Barua yako niliisomea hapa dukani, na nilipofika pale daktari aliposema mifupa yako yote mizima, niliiweka chini. Nikakiangalia kidole. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli, hiki changu hakivunji hata makombo ya mkate. Lakini kimekwenda mbele ya vyako kumi vya mikono na kumi vya miguu, kikapinda ili wewe uone njia.

Nikakiambia ahsante. Nilisema kwa sauti, mwanangu, nikarudia, kisha nikakibusu. Jirani alikuwa mlangoni na kidonge changu na glasi ya maji, maana ilikuwa Jumapili. Akaniuliza ninaongea na nani. Nikamwambia aingie akae, nina habari njema za mtoto wangu.

Shangazi yako,
Fundi